Milimita Mbili na Nusu

Saa moja na nusu ya kila asubuhi, kabla mtu mwingine hajaingia kwenye jengo, mtunza wanyama wa maabara aliusukuma mlango wa chumba cha sungura kwa bega. Mikono ilikuwa imejaa: kulia ndoo ya majani, kushoto chano cha chupa za maji, na kalamu ameibana nyuma ya sikio. Miaka ishirini na sita alikuwa akiufungua hivyo hivyo, mpaka rangi ya mlango ikachubuka pale penye kimo cha bega lake. Kila fundi aliyeletwa kuupaka upya aliapa kwamba safari hii haitatoka. Ikatoka.

Wenzake walimwita Profesa Majani. Jina alipewa na mama anayesafisha jengo, ambaye naye aliitwa Mama Deki na hakuona kwa nini abaki na jina la kubandikwa peke yake. Siku aliyompa jina hilo alikuwa amemkuta akimweleza mwanafunzi wa chuo kikuu, taratibu na kwa kituo, kwa nini sungura wake amesusa kula: alikuwa amemwekea chupa ya maji juu mno, na sungura mwenye kiu hagusi chakula kikavu. Mwanafunzi alikuwa ameshaandika kurasa nne juu ya ugonjwa wa ini.

Chumbani mlikuwa na vizimba sita, na ndani yake sungura sita wa ukoo mmoja. Weupe mwili mzima, isipokuwa masikio, pua, nyayo na mkia, ambavyo vilikuwa vyeusi kana kwamba vimechovywa kwenye wino. Mgeni akiwaona husema ni pambo la Mungu. Kumbe sababu ni baridi. Kila seli ya ngozi ya sungura hawa, iwe ya tumboni iwe ya sikioni, ina jeni ile ile ya kutengeneza rangi nyeusi. Lakini kimeng'enya kinachotokana na jeni hiyo ni legelege: kwenye joto la mwili huharibika kabla hakijafanya kazi. Kwenye ncha za mwili, ambako damu imepoa kidogo, kinasalimika na rangi inatokea. Ukimnyoa sungura mgongoni, ukamfunga kitu cha baridi juu ya kipara, manyoya yanayoota yataota meusi. Ukikiondoa, yatakayofuata yataota meupe.

Hayo mtunza wanyama hakuyasoma mahali. Aliambiwa na binti yake.

Mama wa mtoto huyo alifariki mtoto akiwa na miaka tisa, na kwa kuwa nyumbani hapakuwa na mtu mchana, kila akitoka shule alipitia kazini kwa baba. Aliigeuza ndoo juu chini, akaikalia, akaandika kazi za shule juu ya goti, huku sungura wakimtazama kwa upande mmoja wa uso kama wanavyotazama kila kitu. "Baba, mbona masikio yao meusi?" aliuliza siku moja. "Ndivyo walivyoumbwa," baba akajibu. Jibu halikumtosha. Mtoto yule hakuna jibu lililowahi kumtosha. Alipofika miaka ishirini na minane alirudi kwenye jengo lile lile amevaa koti jeupe, akaomba chumba kile kile, akamkalisha baba yake juu ya ndoo ile ile na kumpa jibu lililo sahihi, amechelewa miaka kumi na tisa.

Wakafanya kazi pamoja miaka mitatu. Watu wa ghorofa ile walizoea kusikia, mlango ukiwa wazi, "Baba, mshike vizuri basi," na sauti ya pili, "Mama, usinifundishe kumshika sungura, mimi nilikushika wewe." Kisha binti akapata nafasi ya miaka miwili kwenye maabara kubwa ng'ambo. Aliondoka swali lake likiwa katikati, na nusu iliyobaki akamwachia mtu aliyemwamini kuliko wote kwa kunyoa, kupima na kuandika.

Swali lenyewe alimweleza mbele ya ukuta wenye ratiba ya malisho.

"Unaiona hii karatasi, Baba? Chukulia kila chumba cha jengo hili kina karatasi kama hii ukutani. Ofisini ipo, chooni ipo, stoo ipo. Lakini sungura wanalishwa humu tu. Kwa nini?"

"Kwa sababu humu nimo mimi."

"Haswa. Jeni ni hiyo karatasi. Ipo kwenye kila seli. Kinachotofautisha seli na seli ni kama kuna mtu amesimama mbele ya karatasi anaisoma. Kabla ya kila jeni kuna mahali pa kusimama. Akija msomaji akasimama, jeni inanakiliwa na kazi inaanza. Asipokuja, karatasi ipo tu ukutani, haimfai mtu."

"Na hawa wangu?"

"Hawa tumewanyoa na kuwapiga baridi mahali pamoja mara mbili, na mara mbili wameota doa jeusi; ya tatu utaipiga wewe nikiwa huko. Nashuku kwamba pale mgongoni wasomaji wamezoea kusimama, tena wengi kuliko kawaida. Kisha mara ya nne tunanyoa bila kuweka baridi. Wasomaji wataondoka mara moja, au watabaki wamesimama wakiisubiri? Wakibaki, kimeng'enya kitatengenezwa kingi mno hata joto lisiweze kukiharibu chote, na manyoya yataota na ukijivu, kama majivu."

"Watabaki," alisema baba, bila kufikiri.

"Mimi nabashiri wataondoka."

"Unabashiri, halafu unauliza?"

"Kubashiri si kujua, Baba."

Akamwandikia utaratibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kubwa. Siku ya sifuri, kunyoa kipara cha ukubwa wa kiberiti mahali pale pale. Kila siku, kuandika joto la chumba, chakula kilichobaki, na kwenye safu ya tatu iliyoandikwa "Baridi", ndiyo au hapana. Siku ya thelathini, kung'oa manyoya kumi ya kila sungura kwa kibano, kuyatia ya kila mmoja kwenye bahasha yake, na kuyatuma. Chini kabisa, kwa herufi kubwa: USIACHE SAFU WAZI.

Miaka miwili ilikuwa imebakiza miezi mitatu wakati mtunza wanyama, siku ya Jumatatu, alipowanyoa sungura wote sita kwa mara ya nne. Wa sita alikuwa mkubwa kuliko wote, mzito, mwenye kidevu cha mikunjo na tabia ya kutafuna vifungo vya koti. Walimwita Bi Mkubwa. Huyu hata kumshika haikuwa lazima. Ukimweka mapajani alijimwaga kama unga uliokandwa, akafumba macho.

Binti alipiga simu kila Jumamosi saa nne asubuhi, na baba alikuwapo, maana sungura hawajui mapumziko ya mwisho wa wiki. Jumamosi ya pili, siku ya kumi na mbili, simu ilimkuta amempakata Bi Mkubwa akimkata kucha.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba, mama. Umekula?"

"Nimekula. Wao?"

"Hao wamekula kabla yangu, kama kawaida yao. Manyoya yameanza kuchomoza. Meupe, kwa ninavyoona, lakini bado mafupi kama ndevu za kijana."

"Sawa. Baba, kuna jambo. Wamenipa kazi huku. Ya kudumu."

"Ya kudumu maana yake nini?"

"Maana yake ya kudumu, Baba."

Mtunza wanyama akaliweka chini koleo la kucha. Miezi mitatu iliyobaki alikuwa ameigawa kwa wiki, na wiki kwa magunia ya chakula, na magunia yalikuwa saba. Alikuwa amekwisha kupiga sabuni chumba cha binti yake mara mbili.

"Na hawa sungura?" akauliza.

"Ndio wanaoamua, kwa kweli. Wakiwa weupe wote sita, swali limejibiwa. Naandika matokeo nikiwa huku huku, tunafunga. Akitokea hata mmoja ana kijivu, swali limefunguka, na itabidi nije nilifuate, maana ukoo huo uko hapo tu na haupandi ndege. Mkuu wa maabara ya hapo ameniambia nafasi yangu ipo, ilimradi kuna kitu cha kutafuta."

"Hata mmoja?"

"Mmoja anatosha kuiharibu 'hapana'." Kisha akasema, "Mbona umenyamaza?"

"Bi Mkubwa ananila kifungo," alisema baba.

Baada ya simu alikaa juu ya ndoo muda ambao hakuupima, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akaenda kwenye jokofu la wafanyakazi, akasogeza bakuli la chakula cha Mama Deki, akatoa kifuko cha buluu cha baridi. Kizibao cha kukifungia alikishona mwenyewe kutoka kwenye shuka kuukuu, mwaka wa kwanza wa kazi ile, na bado kilikuwa kimetundikwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Saa tano kasoro dakika chache Bi Mkubwa alikuwa amevaa.

Hakujiambia kwamba anasema uongo. Alijiambia kwamba mama mtu mzima huyu anaona joto. Kipimajoto cha ukutani kilionyesha nyuzi ishirini na mbili, kama kilivyoonyesha jana na mwaka jana. Alikitazama, akaandika ishirini na mbili. Akaandika chakula kilichobaki. Kwenye safu ya tatu akaandika "hapana", kwa mwandiko mzuri kuliko wa siku nyingine.

Alibadilisha kifuko asubuhi na alasiri, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Kazi hiyo ilimwendea vizuri mno. Mikono iliijua. Na akili, ikikosa la kufanya, ilikwenda mbele yenyewe: teksi inasimama nje ya jengo, sauti kwenye ngazi inalalamika kwamba lifti bado mbovu, mtu anausukuma mlango kwa bega kwa sababu mikono imejaa mizigo. Alikuwa ameshafikia kumtafutia ndoo mpya, ile ya zamani ikiwa imepasuka ukingo.

Jumatano Mama Deki aliingia kupiga deki, akasimama mbele ya kizimba cha sita, ameegemea mpini.

"Profesa, huyu mwanamke kavaa anakwenda wapi?"

"Anaona joto."

"Wenzake watano hawaoni?"

"Mwenzao ni mzee."

"Hee." Akapiga deki hatua tatu, akarudi. "Nikafikiri nani anachezea bakuli langu jokofuni. Kila siku nakuta limesogezwa, na ubaridi wote umebebwa. Mimi si msomi, lakini binti yako aliposema mara hii hakuna baridi, nilikuwa hapa hapa na ndoo yangu. Aliniambia hata mimi: 'Mama, ukiona mtu anafungua dirisha humu, nipigie simu.'"

Mtunza wanyama aliendelea kupanga chupa.

"Simpigii," alisema Mama Deki. "Mimi sijaona kitu." Akaikamua deki, akamtazama Bi Mkubwa, aliyekuwa amelala hana habari. "Ila mwenyewe umeona."

Alhamisi, siku ya kumi na saba, aliufungua mlango kwa bega kama siku zote, akaweka ndoo chini, na kabla ya kugawa majani akamvua Bi Mkubwa kizibao. Kifuko akakirudisha jokofuni, chini kabisa, chini ya barafu iliyoganda. Hapakuwa na machozi wala kiapo. Alikuwa amefungua daftari aandike, akaona "hapana" tano zimepangana, moja chini ya nyingine, zote zinapendeza, akagundua kwamba ya sita haiandikiki kama bado ameshika kifuko. Miaka ishirini na sita aliandika kwenye madaftari ya jengo lile, na mtu yeyote aliyetaka kujua joto la chumba kwa siku fulani ya mwaka fulani alifungua ukurasa na kuliamini. Zile tano hakuzifuta. Utaratibu ulikataza kufuta.

Siku zilizofuata doa la Bi Mkubwa liliota jeupe kwa juu kama la wenzake, na alianza kuamini kwamba baridi ya siku tano haikushika. Alikuwa mtu wa kutazama madoa. Kazi yake yote ilikuwa hivyo: doa jeusi, doa jeupe, anaandika. Mara tatu zilizopita kifuko kiliwekwa siku ya kwanza kikakaa mpaka mwisho, unyoya ukawa mweusi wote, na hapakuwa na sababu ya kutazama unyoya mmoja mmoja.

Siku ya thelathini ilikuwa Jumatano. Aliwang'oa watano wa kwanza, kumi kumi, akafunga bahasha. Alipofika kwa Bi Mkubwa alipuliza manyoya yatengane, kama alivyofanya kwa wengine, na pale pumzi ilipoyafungua akaona mstari. Juu meupe, chini meupe, katikati utepe mwembamba mweusi, sawasawa kila mahali, kama mstari wa penseli uliopigwa kwa rula. Akaacha kupuliza, manyoya yakajifunga. Akapuliza tena. Upo.

Alisimama na kibano mkononi. Angeweza kung'oa kumi mengine kwa sungura wa pili, akaandika "6" juu ya bahasha, na dunia isingejua. Angeweza kuandika barua. Alichofanya ni kung'oa manyoya kumi ya Bi Mkubwa, kwa uangalifu, mizizi ikiwa mizima, akayatia kwenye bahasha ya sita na kuifunga bila neno. Akilini alikuwa na wazo ambalo hakulitazama sana usoni: huenda mstari ule ukasomeka kama kumbukumbu. Huenda seli zilikumbuka siku chache, halafu zikasahau. Yeye hakuwa msomi wa kukana. Msomi alikuwa ng'ambo, na angeamua mwenyewe.

Wiki ikapita. Simu ya Jumamosi ilikuwa fupi. Bahasha zilikuwa bado njiani, na wote wawili walizungumza habari za lifti.

Simu iliyofuata ililia Alhamisi, saa tisa alasiri.

"Leo si Jumamosi," alisema baba badala ya kuitika salamu.

"Najua. Bahasha zimefika jana."

"Zote?"

"Zote sita. Watano weupe toka ncha mpaka mzizi. Kijivu hata cha kubahatisha hakuna."

"Na wa sita?"

"Wa sita nimempima mara tatu." Sauti yake ilikuwa ile ya kusoma namba, sauti ambayo baba aliijua tangu darasa la nne. "Milimita tatu na nusu nyeupe. Halafu mbili na nusu nyeusi. Weusi wa wino, Baba, si kijivu. Halafu sita na nusu nyeupe. Manyoya yote kumi ni hivyo."

"Labda zilikumbuka kidogo," alisema. "Halafu zikasahau."

"Kumbukumbu ingeanzia nchani. Ncha ndiyo iliyoota kwanza, ndiyo iliyo karibu na baridi ya zamani. Unyoya ungeanza mweusi, ukafifia polepole. Huu umeanza ghafla na umekoma ghafla. Hivyo inakuwa mtu akiweka kitu, halafu akakiondoa."

Bi Mkubwa aliinuka kizimbani, akanywa maji. Kigololo cha chupa kikagonga, kikagonga, kikanyamaza.

"Wanaota nusu milimita kwa siku," binti aliendelea. "Uliniambia wewe. Tulimpima mmoja kwa rula yangu ya shule. Na siku tano za mwanzo hawaoti kitu. Kwa hiyo nimehesabu kutoka nchani. Milimita tatu na nusu ni siku saba, ongeza tano. Kifuko kimewekwa siku ya kumi na mbili, sijui saa ngapi."

"Saa tano," alisema baba. "Kasoro."

"Kimetolewa siku ya kumi na saba."

"Asubuhi. Kabla ya majani."

"Asubuhi." Kalamu ikasikika upande wa pili ikiandika, halafu ikaacha. "Nimefungua kalenda. Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi."

"Ilikuwa Jumamosi."

"Nilikupigia simu."

"Ulipiga, mama."

Upande wa binti ilisikika mashine fulani ikizunguka, na upande wa baba sungura sita wakitafuna.

"Umesaini?" baba akauliza.

"Jumatatu. Kabla bahasha hazijafika. Walitaka jibu, na mimi nilishabashiri."

"Basi hata unyoya ungekuwa mweusi wote isingesaidia."

"Ungekuwa mweusi wote ningerudi!" Sasa sauti haikuwa ya kusoma namba. "Hujui hilo? Ningevunja mkataba, ningefunga mabegi, ningekuja hapo nitafute miaka mitano kitu ambacho hakipo!"

"Mimi nipo," alisema baba.

Alilisema kwa sauti ndogo, na mara lilipotoka akatamani kulirudisha, kwa kuwa si jibu la swali lililoulizwa. Upande wa pili mashine ilizunguka mpaka ikafika mwisho wake, ikalia mlio mmoja, ikasimama.

"Mtoe Bi Mkubwa kwenye hesabu," alisema baba, aone kama bado anajua kuongea. "Watano wanatosha?"

"Wanatosha."

"Basi jibu ni hapana."

"Jibu ni hapana. Baridi ikiondoka, msomaji anaondoka."

"Ulibashiri."

"Nilibashiri." Akavuta pumzi. "Lete daftari, Baba. Andika ninavyokuambia."

Akaliweka daftari juu ya goti. Sungura wa sita, aliandika, amepozwa na mtunza wanyama siku ya 12 hadi 17, "hapana" tano za siku hizo si za kweli, aondolewe. Mwandiko ulikuwa wake wa kila siku, wenye kuegemea kushoto. Akaweka tarehe na sahihi.

"Kuna safu ya sababu," alisema. "Niandike nini?"

"Acha wazi."

"Hapa umeandika kwa herufi kubwa—"

"Najua nilichoandika. Acha wazi, Baba. Sababu ninayo hapa, kwenye kioo, chini ya darubini. Nikitaka kuisoma naisoma." Kisha, haraka, kama mtu anayekumbuka kipimo alichosahau, "Huyo Bi Mkubwa atapukutisha manyoya lini?"

"Wiki kumi na moja. Pengine kumi na mbili, mwili wake mzito."

"Nina likizo ya siku kumi na nne. Nitakuja wiki ya kumi."

"Kutazama manyoya?"

"Kutazama manyoya. Nimeuona kwenye unyoya mmoja mmoja, sijauona ukiwa mgongoni. Siku kumi na nne, Baba. Halafu narudi huku. Usianze kupiga hesabu nyingine."

"Sipigi."

"Unapiga. Nakusikia."

Alipokata simu ilikuwa saa tisa na robo, na lishe ya alasiri ilikuwa imechelewa dakika kumi na tano, kitu ambacho sungura walikuwa wameshamwonyesha kwa kupiga miguu. Aligawa majani. Akaenda jokofuni, akakifukua kifuko cha buluu kutoka chini ya barafu, akakibeba mpaka chumba cha mapumziko, ambako Mama Deki alikuwa amevua viatu, miguu juu ya kiti.

"Chukua," akamwambia. "Kafungie chakula chako."

Mama Deki akakigeuza geuza. "Hamkitumii tena?"

"Swali limeisha."

"Na mwenye swali?"

"Anakuja. Siku kumi na nne."

Mama Deki alimtazama. Akakiweka kifuko juu ya bakuli, akasogeza miguu, akamwachia nusu ya kiti.

Bi Mkubwa hakuwa tena na namba kwenye utafiti, na hakuna utaratibu uliomtaka mtu yeyote aendelee kumwandika. Mtunza wanyama alimfungulia ukurasa wa nyuma kabisa wa daftari, pasipo na safu. Kila asubuhi, baada ya majani, alimpakata, akapuliza pale mgongoni mpaka mstari ukajitokeza, akaegesha rula ya shule yenye pembe zilizolika, akasoma kwa miwani. Manyoya yalikuwa bado yanaota, na kwa sababu yanaota kutoka kwenye ngozi kwenda juu, utepe ule mweusi ulizidi kusogezwa mbali na mahali ulipoanzia. Milimita kumi na moja kutoka ngozini. Kesho yake kumi na moja na nusu. Kesho yake kumi na mbili. Upana wake haukupungua. Alipima kila siku, na kila siku ulikuwa ni mbili na nusu.